Nimesoma shule ya kulipia na cheti kina jina la mjomba: je, nina sifa za mkopo wa elimu ya juu?

Swali: "Nina miaka 22, naishi na mama Sumbawanga. Baba alifariki nikiwa darasa la nne. Alifia nyumbani kijijini na hatukuwahi kuchukua cheti cha kifo. Mama ni mama lishe. Kidato cha kwanza hadi cha nne nilisoma shule ya masista. Nusu ya ada alilipa mjomba, nusu ililipwa na parokia. Mjomba ndiye aliyenipeleka kuandikishwa, kwa hiyo cheti changu cha kidato cha nne kina jina lake la ukoo, ila cheti cha kuzaliwa kina jina la baba. Kidato cha tano na sita nilisoma shule ya serikali, HGL (historia, jiografia na Kiingereza), nikapata daraja la pili. Mjomba sasa amestaafu. Ni mwaka wa pili tangu nimalize. Najitolea kufundisha shule ya jirani na napewa posho ya elfu hamsini kwa mwezi. Nataka kusomea ualimu. Watu wananiambia Bodi ya Mikopo haimpi mtu aliyesoma praiveti, wengine wanasema nikatengeneze cheti kipya cha kuzaliwa. Kweli nina sifa?"

Jibu: Sifa unazo, binti yangu. Na hicho cheti kipya cha kuzaliwa usikiguse. Sababu nitaieleza hapo mbele kwa urefu, maana hapo ndipo ilipo hatari yenyewe.

Kwanza utenganishe mambo mawili ambayo mtaani yanasemwa kama jambo moja: sifa na uhitaji. Sifa ni masharti ya kuruhusiwa kuomba. Unayo au huna, basi. Uhitaji ni kipimo: Bodi inachukua wote wenye sifa, inaangalia hali zao za kiuchumi, kisha inagawa fedha iliyopo ikianza na wenye shida kubwa zaidi. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na kila sifa na bado jina lake lisionekane, na mwingine akapata asilimia ndogo ya ada wakati jirani yake wa bwenini amelipiwa yote. Katika miaka niliyokaa dawati la mikopo chuoni, wengi waliokuja wakilia mwezi Novemba walikuwa na sifa, na walikuwa na shida ya kweli. Tatizo lao ni kwamba makaratasi yao yalieleza maisha tofauti na yale waliyoishi. Makaratasi yako leo yanamweleza msichana mwenye jina la mwanaume aliyeweza kulipa ada kwa masista, na hayana neno lolote kuhusu baba aliyefariki. Kazi yako ni kuyafanya yaseme ukweli.

Tupite kwenye sifa haraka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa Sheria Na. 9 ya mwaka 2004 na kuanza kazi Julai 2005. Kila mwaka inatoa Mwongozo wa uombaji, na huo ndio unaotawala mwaka husika. Ule wa miaka mitatu nyuma usiutegemee. Masharti makuu lakini yamebaki yaleyale kwa muda mrefu: uwe Mtanzania, umri usizidi miaka 35 wakati wa kuomba, uwe umedahiliwa kusoma kwa muda wote katika chuo chenye ithibati, uwe umemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano iliyopita, na usiwe na ajira rasmi inayokupa kipato. Una miaka 22, uko mwaka wa pili tangu umalize, uko ndani. Daraja la pili linahusu zaidi udahili, na udahili ni shughuli ya chuo na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Bodi haikupi wala kukunyima mkopo kwa sababu ya daraja.

Hiyo posho ya elfu hamsini isikutie hofu. Sharti la ajira linalenga mtu mwenye kazi ya mkataba na mshahara, serikalini au sekta binafsi. Kujitolea kwa posho si ajira ya namna hiyo. Ila kama mwenye shule atakuletea mkataba wa ajira usaini na akuingize kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, hapo umeshahama upande. Muulize kabla ya kusaini, na fomu ikikuuliza shughuli unayofanya, andika ukweli kwamba unajitolea.

Sasa shule ya kulipia. Hakuna kifungu kinachosema aliyesoma praiveti asipewe mkopo. Uvumi huo una chimbuko lake, na ukilijua utajua pa kushika. Tangu Januari 2016 sekondari za serikali hazitozi ada hadi kidato cha nne, na kuanzia mwaka wa fedha 2022/23 ada ikafutwa pia kidato cha tano na sita. Matokeo yake, mwombaji aliyesoma shule za serikali mwanzo hadi mwisho hana ada ya sekondari ya kuulizwa. Aliyesoma shule ya kulipia anabeba swali moja zito: nani alilipa, na je, mtu huyo bado anaweza kulipa? Ada ya sekondari ni moja ya vitu vinavyotumika kupima uwezo wa familia. Mwombaji asipolijibu swali hilo kwa ushahidi, linajijibu lenyewe, na jibu lake ni kwamba nyumbani kwenu kuna uwezo.

Wewe una majibu mawili, na yote ni mazuri. La kwanza ni parokia. Bodi ina fomu maalumu ya ufadhili kwa waliosomeshwa na taasisi au mfadhili. Ipakue, upeleke kwa paroko au ofisi iliyokuwa ikilipa, waijaze, wasaini na kugonga muhuri. Kama paroko wa wakati ule amehamishwa usihangaike kumtafuta. Ofisi ya parokia huwa na kumbukumbu, na masista nao wana daftari la malipo. Waombe masista barua inayotaja miaka uliyosoma na nani alilipa kiasi gani. Barua inayosema "alifadhiliwa" bila kutaja miaka wala kiasi haikusaidii sana, kwa hiyo uwe mpole lakini usiondoke ofisini kabla haijakamilika.

Jibu la pili ni mjomba. Huyu si taasisi, ni ndugu aliyejitoa, na sasa amestaafu. Pata nakala ya barua yake ya kustaafu na maelezo yake mafupi kwamba alikusaidia ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne kwa sababu baba yako alikuwa amefariki, yathibitishwe na serikali ya mtaa wenu. Huenda kwenye hatua ya kwanza ya maombi usiombwe karatasi hizi. Ziweke tayari hata hivyo, maana ukifika kwenye rufaa ndizo zitakazokuwa silaha yako, na rufaa hupewa muda mfupi kiasi kwamba anayeanza kutafuta barua siku hiyo anakuwa ameshachelewa.

Nije kwenye cheti cha kifo cha baba, kwa sababu naona hiki ndicho kitu chenye uzito kuliko vyote ulivyovitaja. Uyatima ni kigezo kinachobeba uzito mkubwa katika upimaji wa uhitaji, lakini kwa Bodi yatima ni yule mwenye cheti cha kifo cha mzazi kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali anayesajili vizazi na vifo Tanzania Bara, au na wakala wa usajili wa Zanzibar kwa waliosajiliwa huko. Maelezo, picha za mazishi, hata barua ya mtendaji peke yake havitoshi. Kifo kilichotokea nyumbani miaka mingi nyuma bado kinaweza kusajiliwa. Utaratibu wa usajili uliochelewa upo. Mama aende ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya mahali baba alipofia, ambako ndiko usajili wa vizazi na vifo unafanyika. Abebe barua ya serikali ya kijiji, kibali cha mazishi kama kilibaki, kitambulisho chochote cha marehemu, na awe tayari kuapa na kujibu maswali. Kama kuna mzee aliyekuwepo msibani na yu hai, aende naye. Safari ya kwanza huenda isizae cheti. Ndiyo maana nasema mama aende mwezi huu, asisubiri dirisha la maombi lifunguliwe.

Cheti kikishatoka, kazi bado nusu. Cha kuzaliwa na cha kifo vyote vinatakiwa kuhakikiwa na RITA kwa mtandao: unafungua akaunti kwenye mfumo wao, unapakia nakala, unalipa, wanalinganisha na daftari lao, kisha wanakurudishia uthibitisho ambao ndio unaoupeleka kwenye maombi ya mkopo. Ukifika Agosti nchi nzima iko kwenye foleni hiyohiyo. Na kama chako cha kuzaliwa ni kile cha zamani cha kuandikwa kwa mkono, uhakiki ukikwama utapaswa kuomba kipya chenye taarifa zilezile. Taarifa zilezile, nasisitiza.

Maana ushauri wa kutengeneza cheti kipya chenye jina la mjomba ungekuharibia kila kitu kwa mkupuo. Cheti cha kuzaliwa kinataja baba. Ukitoa kinachomtaja mjomba kama baba, umesema uongo kwa Msajili, jambo ambalo ni kosa la jinai. Zaidi ya hapo umejivua uyatima kwa mkono wako: baba yako wa kwenye karatasi yu hai, ana pensheni, na alilipa ada ya masista. Halafu cheti cha kifo cha baba yako halisi kinabaki kinaning'inia, cha mtu asiyehusiana nawe. Wanaokushauri hivyo wanadhani shida yako ni majina kutolingana tu. Hawajaona kinachofuata.

Kwa upande wa Baraza la Mitihani, jina ulilofanyia mtihani halibadilishwi ukishamaliza. Kwa hiyo vyeti vya shule vitabaki vilivyo, na cheti cha kuzaliwa kitabaki kilivyo, na kinachohitajika ni daraja la kisheria kati yao. Daraja hilo ni hati ya kubadili jina. Wakili anaiandaa, inaeleza kwamba wewe uliyezaliwa kwa jina hili sasa unatumia jina lile la kwenye vyeti vya shule, unaisaini mbele yake, kisha inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Haimgusi baba yako wala haimfanyi mjomba kuwa baba. Isajiliwe kweli, nimeona wanafunzi wengi wenye karatasi nzuri ya wakili isiyo na usajili, na ofisi zinaikataa. (Kwa msomaji mwingine ambaye tofauti yake ni herufi tu, "Aisha" na "Asha" kwa mfano, njia ni fupi zaidi: RITA wanaweza kurekebisha kosa la uandishi kwenye daftari ukiwapa ushahidi.) Angalia pia jina lililoko kwenye kitambulisho chako cha taifa, kile cha NIDA. Akaunti ya benki itafunguliwa kwa kitambulisho hicho, na fedha zako haziwezi kuingia kwenye akaunti ambayo jina lake halifanani na la usajili wa chuo.

Mama lishe haajiriwi na mtu na hana hati ya mshahara, kwa hiyo kwenye kipengele cha kazi ya mzazi andika kazi yake ilivyo. Wapo vijana wanaoandika "mfanyabiashara" kwa sababu linasikika vizuri. Neno hilo linaibua picha ya mtu mwenye leseni, mlipa kodi anayejulikana. Mama yako ana sufuria, mkaa na benchi la wateja. Mwandike mama lishe. Kama kaya yenu iko kwenye mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, namba ya kaya ni ya thamani kubwa, iweke. Kama haimo, usikubali mtu akuazime namba ya jirani. Kuhusu mdhamini, wengi wanafikiri ni lazima awe tajiri au mtumishi. Mama yako anatosha. Kinachotakiwa ni picha yake, kitambulisho kinachotambulika na saini yake.

Maombi yenyewe yanafanyika kwenye mfumo wa mtandao wa Bodi, OLAMS, kwa ada ya shilingi 30,000 isiyorudishwa. Dirisha kwa kawaida hufunguliwa Juni au Julai na kufungwa kuelekea mwisho wa Agosti. Miaka mingine huongezwa siku, lakini usipange maisha yako juu ya nyongeza. Namba ya mtihani wa kidato cha nne unayoingiza iwe ileile uliyotumia kuomba chuo, kwa sababu ndiyo inayounganisha maombi yako ya mkopo na udahili. Ukidahiliwa vyuo viwili, thibitisha kimoja. Mkopo unafuata chuo ulichothibitisha. Baada ya kujaza unachapa fomu, unasaini wewe na mdhamini, serikali ya mtaa inagonga muhuri, kisha wakili au hakimu kama Kamishna wa Viapo, halafu unazipakia kurasa zenye saini. Kagua kila ukurasa uliopakia kwa kuufungua na kuusoma mwenyewe. Mtu wa steshenari anahudumia watoto hamsini kwa siku. Anaweza kupakia ukurasa wa mwenzako na wala asijue. Neno la siri libaki kwako, namba ya simu iwe yako, na usiondoke kabla mfumo haujakuonyesha kwamba maombi yamewasilishwa. Kulipia peke yake hakumaanishi umewasilisha, na huko ndiko watu wanakopotelea kila mwaka.

Kuhusu ualimu, nikueleze kitu ambacho wengi hawaambiwi mapema. Serikali huweka kozi katika makundi ya kipaumbele, na zinazotangulia kwa kawaida ni sayansi za afya, uhandisi, kilimo, ualimu wa sayansi na hisabati, na nyingine za namna hiyo. Ualimu wa masomo ya sanaa, ambao ndio HGL inakupeleka, hukaa nyuma ya hizo. Haimaanishi hupati. Inamaanisha kwamba wewe na mwenzako wa uhandisi mkiwa na hali moja, yeye anatangulia, na kwa hiyo ushahidi wako wa uhitaji unapaswa kuwa kamili zaidi. Sikushauri ukimbilie kozi usiyoiweza kwa ajili ya mkopo. Nimeona waliofanya hivyo wakadisko, yaani wakaondolewa chuo kwa kufeli, mwaka wa kwanza, na ukidisko mkopo unasimama lakini deni la ulichokwishapokea linabaki. Kama ni mwalimu wa historia moyoni, omba ualimu wa historia. Ule ufadhili wa Samia Skolashipu ulioanza 2022/23 hautakuhusu, unalenga waliofaulu zaidi katika masomo ya sayansi, usipoteze muda kuufuatilia.

Ukipangiwa, fedha inakuja katika mafungu. Chakula na malazi, ambalo ndilo wanafunzi wanaliita bumu, limekuwa shilingi 10,000 kwa siku tangu 2022/23, kutoka 8,500 ya zamani. Lipo fungu la vitabu na viandikwa, mafunzo kwa vitendo, utafiti, na ada ya masomo ambayo inakwenda chuoni moja kwa moja. Ada ndiyo hasa inayotofautiana kati ya mtu na mtu, kwa hiyo angalia asilimia uliyopewa kwenye akaunti yako mara tu majina yanapotoka, ili kama kuna pengo mama na mjomba walijue kabla hujasafiri. Bumu lina saini yake kila awamu, sasa kwa njia ya kielektroniki; asiyesaini kwa wakati fedha yake inarudi Bodi.

Na hili ni deni, tuseme wazi. Ukiajiriwa utakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, ambapo mwenye mshahara wa 800,000 anakatwa 120,000. Kuna nafuu kubwa moja: ile asilimia 6 ya kila mwaka ya kulinda thamani ya mkopo, iliyokuwa ikifanya deni liongezeke hata kwa anayelipa, Rais Samia alitangaza kuifuta siku ya Mei Mosi 2021 pale Mwanza, na adhabu ya asilimia 10 ikaondolewa mwaka huohuo. Ndugu zako waliosoma zamani wanaokutisha kwamba mkopo hauishi walikuwa wanasema kweli ya wakati wao. Wewe unaingia kwenye masharti tofauti, na kwa hali ya nyumbani kwenu nakushauri uuchukue bila hofu.

Majina hutoka kwa awamu. Usipojiona awamu ya kwanza, subiri ya pili na ya tatu huku ukiangalia akaunti yako ya maombi, kwa kuwa kama kuna dosari ya nyaraka, mfumo hukueleza na hukupa nafasi ya kurekebisha. Ukikosa kabisa au ukapewa kidogo, dirisha la rufaa litafunguliwa. Rufaa isiyo na karatasi mpya hurudi na jibu lilelile. Hapo ndipo utakapoweka barua ya masista yenye miaka na viasi, barua ya mjomba ya kustaafu na maelezo yake, na kama cheti cha kifo kilichelewa kutoka wakati wa maombi, ndicho utakachotanguliza. Chuoni kuna afisa mikopo. Nenda kwake wiki ya kwanza, na faili lako mkononi, kabla foleni haijajaa.

Kwa sasa mama aanze na ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwa ajili ya cheti cha baba. Wewe nenda kwa masista.